Kifo cha Mustafa katika Muhteşem Yüzyıl: maswali ambayo watazamaji hawaachi kuuliza

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka, mengine saa sita za usiku na mtu ambaye bado analia. Yote yanazunguka jambo moja katika tamthilia ya Kituruki Muhteşem Yüzyıl: Mustafa, mtoto wa Sultan Süleyman wa dola ya Osmani, anaingia kwenye hema la baba yake na hatoki akiwa hai. Kama bado hujafika huko kwenye tamthilia, acha kusoma hapa, tazama kwanza, halafu urudi. Sitaki kuwa mimi niliyekuharibia.

Ni sehemu ya ngapi hasa? Mbona kila mtu anataja namba yake?

Kwa Waturuki wenyewe ni sehemu ya 123, msimu wa nne, na ilirushwa na Star TV usiku wa Jumatano, 12 Februari 2014. Namba zinapishana kwa sababu sehemu moja ya Kituruki ni ndefu kama sinema nzima, na tamthilia ilipouzwa nje ikakatwa vipande vifupi. Badala ya kuhangaika na namba, fuata kisa: jeshi linaelekea Uajemi, Mustafa anaitwa kutoka Amasya, jimbo analolitawala, kambi imepigwa Ereğli. Ukifika hapo, andaa kitambaa.

Waturuki wanajua tangu shuleni kwamba Mustafa aliuawa. Mbona walilia kama waliopewa taarifa ya msiba?

Kujua ni kitu kimoja, kushuhudia ni kingine. Tamthilia ilianza tarehe 5 Januari 2011. Tulimkuta Mustafa akiwa mtoto mdogo anayemkimbilia baba yake, tukamwona akikua, akipewa Manisa aitawale, akihamishiwa Amasya, akipendwa na askari kuliko ilivyokuwa salama kwake. Hiyo ni miaka mitatu, wiki hadi wiki. Mtu uliyemlea hivyo hafi kama jina la kwenye kitabu cha historia. Anakufa kama mtoto wa jirani.

Halafu kuna Mehmet Günsür, aliyemwigiza akiwa mtu mzima. Alimpa Mustafa utulivu fulani wa mtu anayeamini kwamba ukweli wake unatosha kumlinda. Ndiyo maana kinachoumiza zaidi katika sehemu ile, kwangu mimi, si kamba shingoni. Ni mwendo. Anatembea kuelekea hemani, silaha zimebaki nje kama adabu ya kumwona sultani inavyotaka, anaingia peke yake. Sisi tunajua kilichomo ndani. Yeye anakwenda kujieleza kwa baba yake. Mara ya kwanza nilijikuta nimesimama wima sebuleni, namwambia asiingie.

Na adui wa kumchukia hapatikani kwa urahisi. Angeuawa vitani na Waajemi, tungelia tukalala. Lakini analilia baba, na baba yumo humo humo.

Ni kweli watu walikwenda hadi kaburini kwake?

Ni kweli kabisa. Siku zilizofuata watu walimiminika Bursa, kwenye makaburi ya Muradiye alikozikwa, wakasimama wakamsomea Fatiha. Wapo waliowacheka. Mimi nawaelewa. Mwigizaji alikuwa mzima, kwake, na familia yake. Aliyelala pale Bursa aliuawa kweli, na kwa karne nyingi watu wengi walipita mlangoni kwake bila kusimama. Hilo ndilo tamthilia ya historia inaloweza kulifanya na hadithi ya kubuni haiwezi: kilio kinakuwa na mahali pa kwenda.

Ukipata nafasi ya kufika, usikimbilie kaburi la Mustafa peke yake. Muradiye ni bustani yenye makuba mengi. Kuba la Sultan Murad wa Pili limeachwa wazi juu ili mvua ya Mungu imfikie kaburini. Yupo Cem, mwana wa sultani mwingine aliyeshindana na ndugu yake kuwania kiti, akafia ugenini Ulaya. Kuba la Mustafa limepambwa kwa vigae vya İznik ambavyo ukiviona utanyamaza mwenyewe. Lilijengwa enzi za Selim wa Pili, yaani ndugu yake kwa baba, yule yule aliyekuja kukipata kiti ambacho askari walitaka kiwe cha Mustafa. Mwezi Juni wa mwaka huo huo wa 2014 Bursa iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Muradiye ikiwamo.

Katika historia yenyewe tukio lilikuwaje?

Mustafa alizaliwa mwaka 1515 huko Manisa, mama yake akiwa Mahidevran. Alinyongwa tarehe 6 Oktoba 1553 kwenye kambi ya baba yake karibu na Ereğli, upande wa Konya, jeshi likiwa njiani kwenda kupigana na Shah Tahmasp wa Uajemi. Alikuwa na miaka 38. Waliomuua ni mabubu wa ikulu, watu waliochaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu hawawezi kusimulia. Alipambana nao, na anayetajwa kuwa ndiye aliyemwangusha hatimaye ni Mahmud, aliyepewa jina la Zal kwa nguvu zake. Mahmud huyo baadaye alimwoa binti wa Selim. Kaa na hilo kidogo.

Alinyongwa kwa kamba ya upinde, si upanga, kwa sababu damu ya ukoo wa Osman haikuruhusiwa kumwagika ardhini. Sheria iliyolinda damu haikumlinda mwenye damu.

Je, Süleyman alikuwa kweli nyuma ya pazia akitazama?

Hili limeleta ugomvi mwingi. Picha hiyo haikubuniwa na waandishi wa tamthilia. Inatoka kwenye barua za Ogier Ghiselin de Busbecq, balozi aliyetumwa na Ferdinand wa Austria. Busbecq anaeleza kwamba mabubu walipokuwa wanashindwa kummaliza Mustafa, Süleyman alichungulia kutoka upande wa pili wa pazia na kuwakazia macho makali, ndipo wakaongeza nguvu.

Ila Busbecq hakuwepo. Alifika kwa Waosmani baada ya tukio, akasikia kwa watu. Na alikuwa balozi wa upande wa adui, mwenye kila sababu ya kumchora sultani kama baba katili. Kwa hiyo nikiulizwa, nasema hivi: kwamba Süleyman aliamuru na kwamba ilifanyika kwenye mahema yake, hilo halina shaka. Yale macho nyuma ya pazia ni ya msimulizi. Tamthilia ilikuwa na haki ya kuyatumia, maana bila uso wa Halit Ergenç, aliyemwigiza Süleyman, sehemu ile tungetazama mauaji tu. Kwa uso wake tunatazama baba anayejiua nusu.

Kwa nini aliingia wakati alikwisha kuonywa?

Simulizi za zamani zinasema alionywa na watu kadhaa, mama yake akiwamo. Watazamaji wengi humwita mjinga kwa hilo. Nawaomba wamtazame upya. Angekataa wito, angekuwa ametangaza uasi, na kila uongo uliosemwa juu yake ungegeuka ukweli siku ile ile. Angekuja na jeshi, ni yale yale. Njia pekee ya kubaki mtoto mwaminifu ilikuwa kuja peke yake, mikono mitupu. Mtego ulikuwa uaminifu wake mwenyewe.

Hürrem, mke wa sultani, ndiye aliyemuua, si ndiyo?

Hapa ndipo ninapogombana hata na rafiki zangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tamthilia inatuonyesha njama: muhuri wa Mustafa unaghushiwa, barua inaandikwa kwa Shah Tahmasp, Rüstem Pasha anaipeleka hadithi hiyo kwa sultani. Simulizi za enzi hizo zinamtaja Rüstem kwa nguvu sana. Rüstem alikuwa waziri mkuu na mume wa Mihrimah, binti wa Hürrem, kwa hiyo kidole kikatoka kwa mkwe kikamfikia mama mkwe. Lakini hakuna hati iliyopatikana yenye agizo la Hürrem. Kilichopo ni kwamba alikuwa na sababu.

Na sababu yenyewe tuitazame bila unafiki. Sheria ya Mehmed, mtekaji wa Istanbul, iliruhusu sultani mpya kuwaua ndugu zake kwa ajili ya utulivu wa dola. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hilo lilikuwa na kiti kimoja. Mustafa angekalia kiti, wana wa Hürrem wangetarajia kamba ile ile: Selim, Bayezid, hata Cihangir mwenye kibyongo. Mwaka 1595 Mehmed wa Tatu alipotawazwa, ndugu zake 19 walizikwa. Mama yeyote aliyelala katika ikulu ile alilala akijua kwamba ama mwanawe ataua au atauawa. Mahidevran alijua. Hürrem alijua. Hawa wanawake wawili hatukuwaona wakigombania mapenzi ya mwanamume tu, waligombania shingo za watoto.

Sasa mtazame Süleyman. Mwaka 1512 baba yake, Selim wa Kwanza, alimwondoa kwenye kiti baba yake mzazi, yaani babu wa Süleyman, kwa msaada wa Majanisari, wale wale askari waliokuwa wakimpenda Mustafa. Süleyman alikuwa na miaka 17. Mwaka 1553 ana karibu miaka 59, maradhi yanamsumbua, na askari wananong'ona kwamba mzee apumzike, kijana aongoze. Huhitaji mwanamke wa kumtia sumu sikioni mtu aliyeona kwa macho yake jinsi baba anavyoondolewa na mtoto.

Sisemi Hürrem ni malaika. Nasema aliyetoa amri ni baba, kwa kalamu na kauli yake. Kila ninaposoma watu wanamtukana Hürrem kwa kurasa nzima kisha wanamalizia kwa "maskini Süleyman, alidanganywa", naumia. Sultani aliyeongoza majeshi hadi milango ya Vienna hakuwa mtoto wa kudanganywa pipi.

Askari walifanya nini baada ya kifo?

Walichofanya ni kile kile walichofanya watazamaji: walimtafuta wa kumlaumu ambaye si sultani. Kambi ilichafuka. Rüstem akaondolewa uwaziri mkuu papo hapo, nafasi ikapewa Kara Ahmed Pasha, na hasira zikapoa kiasi. Mwaka 1555 Kara Ahmed akauawa, Rüstem akarudi kitini, akabaki hapo hadi alipokufa mwaka 1561. Aliyefukuzwa kwa kumponza Mustafa alirudishwa na mtu yule yule aliyemfukuza. Hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu nani alimtumikia nani.

Nataka kumtaja mshairi mmoja hapa kwa sababu ninampenda. Yahya wa Taşlıca, askari mwenye asili ya Albania, aliandika shairi la maombolezo kwa Mustafa wakati damu haijakauka, na likasambaa midomoni mwa watu. Ndani ya kilio kile mna tarehe iliyofichwa: "Mekr-i Rüstem", yaani hila ya Rüstem. Ukilihesabu neno hilo kwa abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu ikihesabiwa kama namba, mim ni 40, kaf 20, ra 200, halafu ra 200, sin 60, ta 400, mim 40. Jumla ni 960, na mwaka wa Hijria aliouawa Mustafa ni huo huo, 960. Mwaka mzima ukageuzwa kuwa shtaka. Nilipojumlisha mwenyewe kwenye karatasi nywele zilinisisimka.

Rüstem aliporudi madarakani alitaka Yahya aadhibiwe. Mshairi alipoteza nyadhifa zake, lakini kichwa kilibaki. Na hata yeye, pamoja na ushujaa wote ule, kwenye tarehe yake aliandika jina la waziri.

Kilio hicho hakikuishia Uturuki. Kufikia mwaka 1561, sultani mwenyewe akiwa bado hai, Ufaransa ilikuwa tayari na mchezo wa kuigiza juu ya kifo hiki. Kwa hiyo anayesema watu wa siku hizi wanalilia televisheni kupita kiasi ajue kwamba kisa hiki kimewaliza watu ukumbini tangu kabla ya umeme.

Cihangir alikufa kwa huzuni kweli, au ni tamthilia?

Alikufa huko Aleppo tarehe 27 Novemba 1553, wiki saba baada ya Mustafa. Kwamba huzuni ndiyo iliyomuua ni simulizi ya watu, na mwili wake ulikuwa dhaifu tangu utoto. Mimi naamini vyote viwili vilisaidiana. Baba yake alimjengea msikiti Istanbul, na mtaa wenye jina lake upo hadi leo.

Mahidevran na mtoto wa Mustafa waliishiaje?

Mtoto, jina lake Mehmed, alinyongwa Bursa muda mfupi baada ya baba yake. Alikuwa mdogo sana. Kuna watazamaji walioweza kuvumilia kifo cha Mustafa lakini hapa wakazima televisheni, na siwalaumu.

Mahidevran alibaki Bursa, karibu na makaburi. Alipoteza mwana na mjukuu, na pamoja nao vyeo na posho ya kueleweka, ikafika mahali hana kodi ya nyumba. Mwanamke aliyewahi kuwa wa kwanza ikulu akawa anadaiwa. Mwishoni mwa utawala wa Süleyman madeni yake yalilipwa kwa amri ya sultani, akanunuliwa nyumba, huenda na Selim, na mwaka 1566 Süleyman akafa Szigetvár, Selim akatawazwa. Mahidevran alikufa mwaka 1581. Hürrem alikuwa ameshakufa tangu 1558. Mahidevran alizikwa ndani ya kuba la Mustafa. Nur Fettahoğlu alimwigiza kwa makali ya wivu kiasi kwamba wengi walimchukia misimu yote ya mwanzo. Nenda karudie zile sehemu ukiwa na habari hii mkononi.

Nina hasira na waigizaji. Nizielekeze wapi?

Popote isipokuwa kwao. Ozan Güven alimwigiza Rüstem vizuri mno, hilo si kosa. Vahide Perçin alimrithi Meryem Uzerli katika nafasi ya Hürrem msimu wa nne, na wapo waliomtwisha chuki mbili kwa mpigo: ya kutokuwa Uzerli na ya kifo cha Mustafa. Ni uonevu. Alipewa Hürrem mzee, mwenye hofu, na akamleta huyo huyo.

Serikali ya Uturuki ilikasirishwa na sehemu hii?

Hasira za wakubwa zilitangulia. Januari 2011, tamthilia ikiwa ndiyo kwanza inaanza, baraza la utangazaji lilipokea malalamiko zaidi ya 70,000, mengi yakihusu sultani kuonyeshwa kwenye haremu na kileoni. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, alisema Süleyman waliyemjua wao alitumia miaka 30 juu ya mgongo wa farasi, si ndani ya ikulu kama tunavyoonyeshwa. Cha kushangaza, sehemu iliyomweka sultani pabaya kuliko zote ni hii ya hema, na hapo hakuna haremu wala kileo.

Meral Okay, mwandishi aliyeianzisha tamthilia, hakuishi kuiona. Alifariki Aprili 2012, na kazi ikaendelezwa na Yılmaz Şahin. Mara nyingi hujiuliza yeye angeliandika vipi lile hema.

Baada ya hapo sina moyo. Niendelee au niishie hapo?

Pumzika wiki moja, kisha endelea. Kwa hesabu ya Kituruki zimebaki sehemu 16 tu, na ndizo ambazo Halit Ergenç anazibeba mgongoni. Sultani anazeeka mbele yako na hakuna anayeweza kumtazama machoni.

Na yupo Bayezid. Huyu naye atagombana na baba, atakimbilia kwa Shah, na mwaka 1561 atauawa huko Qazvin pamoja na wanawe. Kabla ya hapo baba na mwana waliandikiana kwa mashairi. Bayezid aliapa kwamba hana hatia, na Süleyman akamjibu kwa beti: usiseme huna hatia, mwanangu, walau tubu. Yasikilize maneno hayo ukimkumbuka yule aliyeingia hemani bila silaha, akiwa na maneno yake yote tayari, na asipewe nafasi ya kusema hata moja.